Vitabu vya mwalimu wa kusoma haviko rafu moja

Ukienda maktaba ya mkoa kutafuta vitabu vya kukusaidia kufundisha watoto kusoma, usiishie rafu ya elimu. Kwenye mfumo wa Dewey, yaani namba ambazo maktaba hupangia vitabu kwa mada, vimetawanyika. Mbinu za kufundisha kusoma shule ya msingi ziko 372.4, lakini vinavyohusu usomaji wa watoto na vijana kwa jumla viko 028.5, kule mwanzoni ambako walimu wengi hatufiki. Uendeshaji wa maktaba za shule ni 027.8. Vya kusimulia hadithi (kwangu ndivyo vitamu kuliko vyote) vifuate 808.543, upande wa fasihi.

Ukishakipata kimoja, ruka dibaji, nenda kwenye orodha ya vitabu vya watoto vinavyopendekezwa. Vingi viliandikiwa Marekani au Uingereza, na hadithi zenyewe huku hazipatikani. Usikirudishe. Chukua zoezi, badilisha hadithi. Mfano ni zoezi la kubashiri: funika jina la kitabu kwa kiganja, onyesha picha ya jalada, uliza, "Huyu mnadhani anakwenda wapi?" Soma kurasa mbili, simama, uliza nani bado anashikilia jibu lake. Hata Sungura na Fisi wanatosha kabisa.

Hadithi zikikuishia, tovuti ya African Storybook inazo za Kiswahili, bure, zimepangwa kwa viwango kuanzia maneno ya kwanza hadi zile za mwalimu kuwasomea watoto kwa sauti, na unaruhusiwa kuzichapa.