Kilo sifuri za zabibu: kuandika masharti ya programu pale thamani inapokosekana

Hapa Dodoma zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na kila msimu hakosekani mwanachama ambaye hakuleta hata kreti moja. Mmoja wao aliiangusha programu ya malipo niliyotengeneza kwa ajili ya chama cha wakulima. Wastani wa bei ni fedha gawanya kwa kilo, na kilo zake zilikuwa sifuri. Watu walishinda kwenye foleni wakarudi mikono mitupu, na kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo nafuata hatua hizi.

Hatua ya 1. Orodhesha kila usemi unaoweza kukosa thamani: kugawanya, kipengele cha kwanza cha orodha tupu, jina lisilomo kwenye daftari. Kando ya kila mmoja andika sharti lake.

Hatua ya 2. Ijue mantiki ya zana yako, yaani inavyoamua kweli na uongo thamani inapokosekana. Hapa tusiharakishe. Tazama sharti hili, "kilo zikizidi sifuri, basi bei ya kilo ni angalau 900" (⇒ ni "ikiwa... basi"):

kilo > 0 ⇒ fedha/kilo ≥ 900

Kilo zikiwa 0, upande wa kulia hauna thamani. Kwa mantiki ya mwanahisabati Kleene yenye thamani tatu (kweli, uongo, na isiyo na thamani), sharti zima bado ni kweli, maana kushoto ni uongo na hilo linatosha. Mwanasayansi wa kompyuta McCarthy, ambaye mantiki yake husoma kutoka kushoto na kuishia anapopata jibu, anakubali. Sasa ligeuze:

fedha/kilo < 900 ⇒ kilo = 0

Kleene bado anasema kweli, maana kulia ni kweli. McCarthy anakwama mlangoni, kwa kuwa kushoto hakuna thamani. VDM, mbinu ya kuandika masharti ya programu kihisabati, inamfuata Kleene; "na" ya lugha ya programu ya Java (&&) inamfuata McCarthy. Kleene naye ana gharama yake: "p au si p" haiwi kweli daima, maana kauli p inaweza kukosa thamani. Isabelle/HOL, programu ya kukagua uthibitisho wa kihisabati, ina njia nyingine kabisa, humo x/0 ni 0, kwa hiyo uthibitisho unaweza kupita huku programu yako halisi ikianguka. Hilo ndilo linalonitisha zaidi.

Hatua ya 3. Tanguliza kinga (hapa ni kilo > 0) kushoto daima. Kleene na McCarthy watakubaliana.

Hatua ya 4. Thibitisha kwanza kwamba kila usemi una thamani, kama inavyodai Event-B, mbinu nyingine ya kubuni mifumo kwa uthibitisho, ndipo uthibitishe mengine.

Hatua ya 5. Waulize wenye kazi. Mimi nilitaka kuandika wastani 0. Mama mhazini akanikataza: "Mwanangu, akiona sifuri atadhani tumemdhulumu. Andika hakuleta." Basi wastani sasa unadai kilo > 0, na asiye na kilo hupata neno hilo badala ya namba.