Kunasa vumbi la mbao kwa gharama ndogo: karakana ya nyumbani, Tanga

Fanya jaribio hili asubuhi, jua la upande wa bahari linapopenya dirishani. Piga msasa kipande cha mtiki kwa mashine, dakika mbili tu, kisha zima na utazame ule mwale wa jua. Maranda yameshaanguka miguuni na unga mzito umetua mezani, lakini ndani ya mwale kuna kitu kama moshi kinaelea, na nusu saa baadaye bado utakiona. Hicho ndicho kinachofika ndani kabisa ya mapafu. Ufagio haukiwezi, ukifagia unakiamsha upya.

Mwaka 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, hasa ya pua na matundu yanayoizunguka. Tena mbao zetu nyingi ni kali: mvule na mkongo huwasha pua na ngozi, na kwa wengine huleta pumu. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye filta na barakoa. Ukubwa wa injini ya vakyumu unafuata baadaye. Barakoa iwe ya daraja la FFP2 au N95, ikae barabara puani. Kitambaa au pindo la kanga huzuia maranda tu.

Kila mashine na dawa yake

Vakyumu ya karakana, ile ya kufyonza vikavu na maji, ina nguvu ya kuvuta lakini hewa inayopitisha ni kidogo. Inafaa sana kwa mashine ya msasa, ruta, jigso na msumeno wa mkono, kwa sababu unaifunga mdomoni mwa mashine yenyewe. Kwa msumeno wa meza inasaidia nusu. Kwa mashine ya randa haifai: randa inatapika maranda mengi kwa mkupuo na inahitaji bomba la inchi 4 na feni kubwa. Usipoteze fedha kulazimisha. Sogeza randa barazani au mlangoni, maranda yaangukie kwenye turubai, nawe usimame upande upepo unakotoka.

Unaponunua vakyumu, fungua kifuniko uangalie filta kabla ya kuuliza wati. Ile ya sponji ni ya kufyonzea maji. Unga wa msasa unapita ndani yake na kurudi chumbani kupitia tundu la kutolea hewa, umeshasagwa na kusambazwa. Unataka filta ya karatasi yenye mikunjo, ikiwezekana ya daraja la HEPA, yaani inayonasa hata unga mwembamba kabisa.

Pipa la kutenganisha

Tatizo la filta nzuri ni kwamba inaziba upesi, na unga wa mtiki wenye mafuta, kama ule wa mbao za shamba la mitiki la Longuza, unaigandia kuliko wa mbao nyingine. Dawa yake ni pipa linalokaa kati ya mashine na vakyumu. Hewa inazungushwa ndani yake, chembe nzito zinaanguka, na filta inabaki na kazi ya unga mwembamba tu.

Tafuta pipa la plastiki la lita 60 lenye kifuniko cha kubana kwa ukanda. Pipa la bati huliwa na kutu ya chumvi ya bahari. Ndoo ya rangi ya lita 20 inafanya kazi, ila hujaa haraka, na ile nyembamba hunywea hosi inapoziba. Vingine ni plaiwudi ya milimita 12, bolti tatu ndefu za milimita 8 na nati zake, kona moja ya PVC ya inchi 2, bomba la inchi 2 kama nusu mita, silikoni, na sponji nyembamba ya kuziba ukingo wa kifuniko.

Kata duara la plaiwudi linaloingia ndani ya pipa kwa kubana kidogo. Ligawe mara tatu. Theluthi moja iache nzima. Kwenye theluthi mbili zilizobaki punguza ukingo milimita 28 kuelekea ndani. Ufa huo wa mviringo ndio mlango wa maranda kushukia. Ukiufanya mwembamba zaidi, maranda marefu yanakwama hapo na kujenga kiota. Ukiupanua sana, upepo unashuka nao na kuzoa kilichokwisha kutua.

Kata duara la pili la kukaza kifuniko juu, maana plastiki peke yake hupinda. Ning'iniza lile duara la kwanza, yaani sahani, chini ya kifuniko kwa zile bolti tatu, ikae chini kama sentimita 11. Toboa matundu mawili kwenye kifuniko. La katikati ni la bomba linalokwenda kwenye vakyumu. Lishushe hadi libaki milimita 25 juu ya sahani. La pembeni ni la hosi inayotoka kwenye mashine. Ndani yake funga ile kona, mdomo wake ukifuata ukuta wa pipa ili hewa ianze kuzunguka mara tu inapoingia. Ukiuelekeza katikati, hakuna mzunguko, na vumbi lote litapanda moja kwa moja kwenye filta. Theluthi isiyokatwa ya sahani ikae chini ya mdomo huo. Ziba kwa silikoni, uache ikauke usiku mzima.

Kupima kama pipa linavuja, tumia udi wa kijiti kabla vumbi lolote halijaingia. Washa vakyumu, ziba mdomo wa hosi nusu kwa kiganja, na mtu mwingine apitishe moshi wa udi taratibu kwenye ukingo wa kifuniko na kila kiungo. Palipo na ufa, ule uzi wa moshi unakatika na kumezwa. Usiufikishe udi kwenye mdomo wa hosi. Usidharau hata ufa mdogo: hewa inayoingilia hapo inaharibu mzunguko na kuinua vumbi lililotua.

Mwaga pipa maranda yakibakiza sentimita 5 kufika kwenye sahani. Ukichelewa, pipa linageuka njia tu. Mlio wa vakyumu ukipanda ghafla, hosi au filta imeziba. Mlio ukiwa uleule huku filta ikijaa unga mwingi, tazama pipa.

Meza ya msasa

Kwa msasa wa mkono, tengeneza boksi la sentimita 40 kwa 30, kina sentimita 10, na uingize hosi ubavuni. Juu toboa matundu 48 ya milimita 8, yakiachana sentimita 5. Idadi hiyo ina sababu: yakijumlishwa, eneo lake linazidi kidogo tu lile la hosi ya inchi 2. Mafundi wengi hutoboa mia mbili, kisha hushangaa kwa nini meza haivuti.

Umeme na upepo

Vakyumu ya wati 1,200 na msumeno wa wati 1,500 kwa pamoja huvuta karibu ampea 12, na plagi ya kawaida ni ya ampea 13. Zichomeke kwenye soketi mbili tofauti, vakyumu iwashwe kwanza. Waya wa ekstensheni ukunjuliwe wote. Ukiachwa kwenye rola unapata moto. Kwenye LUKU, vakyumu hiyo inakula uniti 1.2 kwa saa.

Unga unaoponyoka utoe kwa feni ya ukutani ya inchi 12. Tanga kusi huvuma kutoka kusini-mashariki na kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo feni iwekwe ukuta wa magharibi na dirisha la mashariki liachwe wazi. Feni ikigeuzwa mashariki, itashindana na upepo mwaka mzima. Mitaa iliyobanana kama Ngamiani, angalia kwanza jirani anaanika wapi nguo. Feni iache izunguke nusu saa baada ya kazi, na barakoa usiivue kabla.

Filta ikung'utwe nje, ukiwa na barakoa, kwa kugonga taratibu. Kompresa ikiwekwa karibu hutoboa karatasi, na tundu hilo hulioni. Msimu wa masika mwaga pipa kila jioni, kwa kuwa unga hunyonya unyevu na kuota ukungu.

Usifyonze cheche za grinda kwa vakyumu hii, wala usitupe matambara yenye mafuta ya kitani ndani ya pipa la maranda: hupata joto yenyewe na kuwaka. Wafugaji wa kuku watayataka maranda, lakini wape ya mbao zisizo na dawa tu. Ya mbao zilizotibiwa kwa dawa na ya MDF (mbao za unga ulioshindiliwa kwa gundi) yatenge, uyafunge kwenye mfuko, wala usiyachome.