FPL mwisho wa msimu: kabla hujagusa majeruhi, angalia haya

Kuanzia mwishoni mwa Machi FPL (Fantasy Premier League, ule mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu England na kupata pointi kwa wanavyocheza) inageuka kuwa mchezo wa majeruhi. Wachezaji wamechoka, mechi za Ulaya na FA Cup zinabanana na ligi, na ile mini ligi (ligi ndogo ya wewe na washkaji) uliyokuwa unaongoza kwa raha inaanza kukuponyoka. Kila mwaka naona watu wanaumia kwa mambo yaleyale, kwa hiyo soma kabla ya dedlaini, yaani mwisho wa kubadilisha kikosi.

Saa kwanza. Uingereza wanasogeza saa mbele Machi mwishoni, sisi hatusogezi, so dedlaini ya ile mechi ya mapema ya Jumamosi iliyokuwa saa nane mchana kwetu inakuwa saa saba. Badilisha alamu yako.

Bendera nyekundu kwenye jina la mchezaji, yaani hachezi, usibishane nayo. Njano ya asilimia 75 (uwezekano wa kucheza) mara nyingi mtu anacheza, ya 25 usimtegemee. Msikilize kocha anapoongea na waandishi kabla ya mechi, achana na akaunti zisizojulikana zinazovujisha kikosi.

Benchi lipange, na liwe na watu wanaocheza kweli. Na kumbuka lazima mabeki 3 wawe uwanjani, kwa hiyo ukianza na mabeki 3 na mmoja asicheze, anaingia beki wa benchi hata kama umemuweka wa mwisho, yule kiungo wako wa kwanza benchi anarukwa.

Sasa hili ndilo lililonifanya niandike. Anayekumaliza mwisho wa msimu sio majeruhi, ni yule ANAYERUDI kutoka majeruhi. Aprili mosi 2025 Saka wa Arsenal alirudi dhidi ya Fulham baada ya kukaa nje tangu Desemba na nyama za paja, akatokea benchi akafunga, mtandao mzima ukawaka. (Mechi hiyohiyo beki mwenzake Gabriel alitoka mapema, paja pia, msimu wake ukaishia hapo, na wengi waliokuwa naye hawakushtuka maana macho yote yalikuwa kwa Saka.) Jamaa mmoja wa mini ligi yetu, alikuwa wa pili, akamnunua Saka siku ileile na akampa ukepteni (pointi za kepteni zinahesabiwa mara mbili) kwa mechi ya Everton Jumamosi, kepteni msaidizi akamuweka Jacob Murphy wa Newcastle. Tulimwambia kaka subiri, Jumanne Arsenal wana Real Madrid, kocha Arteta hawezi kumchosha huyu mtoto. Hakusikia. Dedlaini inafungwa dakika 90 kabla ya mechi, kikosi kinatoka baada ya hapo, Saka yuko benchi. Tuko banda umiza, jamaa bado ana matumaini, anasema asipoingia kabisa basi ukepteni unaenda kwa Murphy na Murphy anacheza na Leicester, afadhali hata. Saka akaingia. Jamaa akashika kichwa na mpira wenyewe hata haujamfikia Saka, maana kepteni akikanyaga uwanja hata dakika moja msaidizi hapewi kitu. Ikaisha 1-1, Saka hakufunga, jamaa akabaki na pointi ya kuonekana mara mbili. Jumatatu Murphy ndani ya robo saa ya kwanza ana magoli mawili.

Kwa hiyo anayerudi msubiri mpaka AANZE mechi, kuingia kutokea benchi hakutoshi hata akifunga. Angalia na ratiba ya katikati ya wiki. Kama tayari unaye na huna uhakika, muweke benchi lako kabisa, na ukepteni usimpe.

Kuuza nako kuna hesabu. Ulimnunua milioni 6.0 sasa yuko 6.6, unauza kwa 6.3, na ukimtaka tena unalipa 6.6 kamili. Jeraha la wiki mbili mvumilie tu kama benchi lako liko sawa. Limbikiza transfa za bure (nafasi za kubadilisha mchezaji bila kukatwa pointi), siku hizi zinafika 5, ili watu watatu wakiumia pamoja usikatwe pointi 4 kwa kila anayezidi.

Free Hit, ile chipu ya kubadilisha timu nzima kwa raundi moja tu, usiimalize mapema. Msimu huohuo raundi ya 33 Arsenal, City, Villa na Palace walicheza mara mbili, raundi ya 34 hawakucheza kabisa kwa sababu ya nusu fainali za FA Cup, aliyejaza wachezaji wao na chipu zimeisha alishusha timu pungufu.

Halafu raundi za mwisho timu zisizo na cha kugombania zinapumzisha wakubwa bila hata jeraha, na zenye fainali ndio usiseme. Angalia kila jina moja moja, angalia na kipa wa akiba, angalia tena asubuhi ya Jumamosi.