Kupima kama fedha zako zinatosha kuondoka Goma kwa safari ndefu ya tanga

Mkaaji wa Goma anayetaka kuacha kazi na kuishi miaka kadhaa ndani ya mashua ya tanga hana budi kukubali kwanza kwamba mashua hiyo haitang'oa nanga hapa. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na maji yake hutoka kupitia mto Ruzizi, wenye maporomoko na mabwawa ya umeme ambayo hakuna chombo kinachoweza kuyapita. Mashua itanunuliwa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, na nauli ya kwenda kuitazama, malazi, pamoja na ujira wa fundi asiye na uhusiano na muuzaji, vyote hulipwa kabla hujamiliki hata kamba moja.

Wengi huanza kwa kuuliza bei ya chombo. Kwa maoni yangu hilo ni swali la tatu. La kwanza ni nani atakayeendelea kukutegemea ukiwa majini, na la pili ni fedha gani itakayoingia bila wewe kuwapo.

Kuhusu swali la kwanza, andika kwa ukweli ada za shule za watoto na za wapwa, dawa za wazazi, na michango ya vilio na harusi, kwa kutumia kile ulichotoa mwaka uliopita na si kile unachopanga kutoa. Usijidanganye kwamba ukiondoka maombi yatapungua. Kwa jamaa, mtu anayezunguka visiwa kwa mashua yake ni tajiri, na simu zitaongezeka. Kama uko katika likelemba, yaani kikundi cha kuchangiana fedha kwa zamu, maliza mzunguko kabla ya kuondoka, na zamu yako ukishaipokea usiiite mapato, kwa kuwa ni akiba yako mwenyewe iliyokurudia.

Swali la pili linahitaji muda zaidi. Tegemeo la kawaida hapa kwetu ni nyumba ya kupangisha, na ni tegemeo zuri, lakini lisihesabiwe kwa miezi 12. Mpangaji huhama, paa huvuja, kodi ya serikali inadaiwa, na ndugu anayekusimamia nyumba hiyo anastahili malipo. Mimi ningehesabu miezi 9. Isitoshe, tarehe 17 Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, na ile ya Mei 2021 iliteketeza nyumba nyingi kabla ya kusimama kandokando ya mji. Mwenye nyumba moja tu katika mji huu hana mapato ya uhakika, hata kama mpangaji wake ni mwaminifu. Pia, mwishoni mwa Januari 2025 benki za Goma zilifunga milango, na watu wenye akiba halali wakashindwa kuigusa wakiwa mjini. Kwa hiyo sehemu ya fedha za safari, walau matumizi ya miezi sita, iwekwe katika nchi ambako mashua itakuwa.

Sasa ndipo bei ya chombo inapoingia. Kanuni inayotumiwa sana na mabaharia ni kutenga kila mwaka takriban asilimia 10 ya thamani ya mashua kwa matengenezo: matanga, waya za mlingoti, injini, rangi ya chini. Mashua kuukuu iliyonunuliwa kwa bei ya chini hudai zaidi ya hapo, kwa sababu tanga jipya halipungui bei kwa kuwa chombo chako ni cha zamani.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mashua imenunuliwa kwa dola 30,000, kwa hiyo matengenezo ni 3,000 kwa mwaka. Chakula, mafuta, bandari na simu ni 700 kwa mwezi, yaani 8,400. Familia inahitaji 3,000, na viza pamoja na vibali 1,200, kwa kuwa mwenye pasipoti ya Kongo hawezi kwenda kila kisiwa bila viza. Réunion, kwa mfano, ni ya Ufaransa. Jumla ni 15,600. Nyumba ya dola 400 kwa mwezi, kwa miezi 9, inaleta 3,600, na pengo linabaki 12,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitatu ni 36,000. Ongeza 7,800 za dharura, yaani matumizi ya miezi sita, na 5,000 za kurudi na kuanza upya, nawe unahitaji 48,800, mbali na bei ya mashua.

Anayetaka kuondoka bila tarehe ya kurudi atakutana na kanuni ya asilimia 4, iliyopendekezwa na mshauri wa fedha William Bengen mwaka 1994: mwaka wa kwanza utoe asilimia 4 ya mtaji wako, kisha kiasi hicho ukipandishe kila mwaka kwa mfumuko wa bei. Kwa pengo hilo kanuni ingedai mtaji wa dola 300,000. Kanuni hiyo ilijengwa juu ya hisa na hati za dhamana za Marekani, kwa kipindi cha miaka 30. Mtu ambaye mali yake ni kiwanja na nyumba asiitumie, na kwake mpango wenye miaka inayojulikana ndio unaopimika.

Mwisho, linganisha siku fedha zinapotimia na kalenda ya pepo. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na kumpeleka msafiri kusini kutoka Mombasa hadi Unguja, kusi humrudisha. Zaidi ya hapo kuna vimbunga, ambavyo msimu wake kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na kile kilichoitwa Chido kiliharibu vibaya Mayotte tarehe 14 Desemba 2024. Hivyo anayekamilisha akiba mwezi wa saba na kutaka kuelekea kusini atangoja miezi mitano, na ni heri aingoje akiwa bado kazini, akiishi kwa dola 700 zilezile alizojiandikia. Akishindwa kwa dola hizo akiwa nchi kavu, abadilishe hesabu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi.