Kuotesha kokwa la embe na la parachichi nyumbani mpaka mti uzae

Kokwa la embe likianikwa juani siku chache hufa, hata kama kwa nje linaonekana zima. Kosa hili huua mbegu nyingi za matunda yetu kabla hazijagusa udongo. Tumezoea mahindi na maharage, ambayo hukaushwa kwanza ndipo yahifadhiwe, basi makokwa nayo tunayafanyia vivyo hivyo. Lakini mbegu ya embe, parachichi, fenesi au shokishoki haikubali kukaa ikisubiri msimu. Inatoka kwenye tunda ikiwa mbichi na hai, na maji yake yakipungua imekwisha. Ukila embe leo, lipande kokwa lake ndani ya wiki moja. Ukilazimika kusubiri, lifukie kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, wala usivuke wiki mbili au tatu.

La pili la kujua mapema ni kwamba mtoto hafanani na mama. Kent, Keitt, Haden na Tommy Atkins ni maembe ambayo kokwa lake hutoa mche mmoja tu, nao ni mchanganyiko wa mama na chavua iliyoletwa na wadudu. Mche huo unaweza kuzaa embe tamu, au embe la nyuzi lenye harufu ya mafuta ya taa, na hakuna ajuaye mpaka mti uzae. Parachichi ni hivyo hivyo. Hass yenyewe, aina ya parachichi, ilianza kama mche wa kokwa huko California, kwenye shamba la Rudolph Hass, aliyetaka kuubebesha aina nyingine, Fuerte, yaani kuunganisha kipande cha tawi la Fuerte kwenye shina la mche huo. Ubebeshaji haukushika, mche ukaachwa ukue, na mwaka 1935 akausajilia hataza, yaani haki ya kumiliki aina hiyo mpya. Kila Hass unayoiona Njombe au Murang'a inatokana na vikonyo (vipande vya tawi vya kubebeshea) vilivyoanzia kwenye mti huo mmoja. Bahati ya namna hiyo ni ya nadra sana. Kwa hiyo ushauri wetu ni huu: otesha kokwa upate shina na mizizi imara, kisha libebeshe kikonyo cha mti ambao matunda yake umeshayala.

Kuna maembe, hasa yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambayo kokwa moja hutoa machipukizi mawili, matatu au zaidi. Mengi kati ya hayo hutokana na mwili wa mama peke yake, hivyo hufanana naye. Ukiona kokwa limetoa machipukizi kadhaa, mara nyingi lile dhaifu kuliko yote ndilo lenye mchanganyiko. Ling'oe, uyatenganishe yenye nguvu mapema kabla mizizi haijashikana. Malimau na machungwa mengi nayo huwa hivyo.

Kulifungua kokwa la embe

Chagua tunda lililoivia mtini, lisilo na ugonjwa, kutoka mti wenye afya. Kwa ajili ya shina la kubebesha, embe la kienyeji linalostahimili ukame na udongo wa kwenu ni bora kuliko embe la kisasa. Osha kokwa, lisugue kwa mchanga mpaka nyama yote itoke, kisha liache kivulini siku moja tu, lipunguze utelezi. Nyama ikibaki huvuta sisimizi na ukungu.

Kokwa lina ganda gumu, na mbegu halisi imo ndani. Ukipanda na ganda, mche unaweza kuchukua mwezi na nusu kuchomoza, tena wakati mwingine hutoka umepinda kwa kukosa njia. Ukilitoa ganda, hutokeza kwa wiki mbili hadi tatu. Shika mkasi wa kupogolea, kata ukingo mwembamba wa kokwa, milimita chache tu, kisha pachika ncha na uzungushe, kama mtu anayefungua chaza. Usichome katikati kwa kisu: utaijeruhi mbegu, na kokwa bichi huteleza mkononi. Anayewashwa na utomvu wa embe avae glavu.

Ndani utakuta kitu kama haragwe kubwa lililofungwa kwa ngozi nyembamba ya kahawia. Mbegu nzuri ni ngumu, rangi ya krimu au kijani hafifu. Ikiwa na mifereji myeusi na unga, imeliwa na fukusi wa kokwa. Mdudu huyu huingia tunda likiwa changa, akakulia ndani ya mbegu, baadaye akatoka na kujificha kwenye magome ya mwembe hadi msimu wa maua. Makokwa ya namna hii yachome moto. Ukiyatupa chini ya mti, unamwandalia mdudu mavuno ya mwakani.

Udongo na kiriba

Tumia kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, chenye upana wa sentimita 15 hadi 18 na kina cha sentimita 25 hadi 30. Kina ni muhimu zaidi, kwa sababu mzizi mkuu hushuka kabla jani halijaonekana. Kwenye kopo fupi hujizungusha, na mti wenye mizizi ya mzunguko hudumaa miaka mingi baadaye bila mwenyewe kujua sababu. Toboa matundu manane hadi kumi sehemu ya chini.

Changanya makarai matatu ya udongo wa juu, karai moja la samadi iliyooza kabisa na karai moja la mchanga wa mtoni. Samadi mbichi hupata joto na kuunguza mizizi, tena huleta mchwa. Walio pwani waangalie sana mchanga: ule wa ufukweni una chumvi, na parachichi haliivumilii. Ncha za majani zikianza kukauka rangi ya kahawia kuelekea ndani, chunguza chumvi kwanza, iwe ya mchanga au ya maji ya kisima, kabla hujalaumu ugonjwa.

Mwagilia kiriba siku moja kabla ya kupanda. Laza mbegu ya embe tumbo chini, yaani ule upande uliobonyea, mgongo ukitazama juu. Funika kwa udongo wa sentimita 2 hadi 3. Ikigeuzwa, mzizi na chipukizi vyote hulazimika kuzunguka, na shina hutoka na kipindo karibu na mizizi, kipindo ambacho hakinyooki tena. Majani ya kwanza huwa mekundu kama shaba na yamelegea. Hiyo si dalili ya ugonjwa. Ndivyo mwembe unavyoanza.

Parachichi

Usichukue kokwa la tunda lililookotwa chini ya mti. Udongo ule unaweza kuwa na vimelea vya Phytophthora vinavyoozesha mizizi, na parachichi halina adui mkubwa kuliko huyo. Chukua tunda lililochumwa. Mwenye kipimajoto atumbukize makokwa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa dakika 30, kisha ayapoze kwa maji ya kawaida. Nyuzi zikizidi kidogo tu, kiini kinaiva, kwa hiyo asiye na kipimajoto asikisie. Atumie udongo safi na asimwagilie kupita kiasi.

Menya ngozi ya kahawia, kata kipande chembamba kama sarafu upande wa ncha, na ulisimamishe kokwa upande mpana ukiwa chini. Ncha iachwe ionekane kidogo juu ya udongo. Subiri wiki nne hadi nane. Kokwa litapasuka katikati kabla ya kutoa chipukizi, na wengi hulitupa wakati huo wakidhani limeoza. Lililooza ni laini na linanuka. Lililopasuka likiwa gumu linaota.

Ile njia ya vijiti vya meno na glasi ya maji inafaa kumwonyesha mtoto mzizi unavyotoka, na kwa hilo ni nzuri mno. Lakini mizizi iliyozaliwa majini ni tepetepe na huvunjika wakati wa kuhamisha. Ukiitumia, badilisha maji kila baada ya siku mbili tatu, na hamishia kwenye udongo shina likifika sentimita 15.

Miezi ya kwanza

Weka viriba kwenye kivuli cha nusu kwa miezi miwili, kisha punguza kivuli taratibu. Chomeka kidole kwenye udongo. Pakiwa pakavu hadi pingili ya kwanza, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Udongo ulioloa kila saa huleta kinyaushi: shina husinyaa usawa wa udongo na mche huanguka ukiwa bado wa kijani. Mche huo hauponi. Uondoe pamoja na udongo wake, na viriba vilivyobaki vitenganishwe vipate hewa.

Inua kila kiriba mara moja kwa wiki mbili, mzizi usije ukatoboa na kujikita ardhini. Mche ukishakomaza majani ya awamu mbili, nyunyiza kijiko cha chai, kisichojaa, cha mbolea ya CAN (ya kukuzia) pembezoni mwa kiriba mara moja kwa mwezi, mbali na shina, kisha mwagilia. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka, geuza majani: huenda wanachunga vidugamba, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mche. Futa kwa maji ya sabuni.

Kubebesha

Mwembe huwa tayari shina likifikia unene wa penseli, kwa kawaida baada ya miezi minane hadi kumi na miwili. Parachichi huwahi, miezi minne hadi sita, shina likiwa bado na ukijani.

Kikonyo kitoke kwenye mti uliokwisha zaa, tawi la juani, lenye unene sawa na shina na jicho la ncha lililovimba lakini halijafunguka. Kwa mwembe, siku saba hadi kumi kabla, kata majani ya tawi hilo ukiacha vile vijiti vinavyoyashika. Vikianza kudondoka vyenyewe, jicho limeiva. Kata urefu wa sentimita 10 hadi 15, funga kwa kitambaa chenye unyevu, na utumie siku hiyo hiyo.

Kata shina kwa urefu wa sentimita 20 hadi 25, ukiacha majani machache chini. Lipasue katikati kina cha sentimita 3 au 4. Chonga kikonyo pande mbili kiwe kama kabari ya urefu huo huo, kwa mkato mmoja mrefu kila upande, kisha kiingize. Kinachounganika ni ile tabaka nyembamba ya kijani chini ya gome. Sehemu ya katikati ya shina haishiki. Kwa hiyo kama kikonyo ni chembamba kuliko shina, kisukume upande mmoja mpaka gome la kikonyo na gome la shina vilingane. Kukiweka katikati ili kipendeze ni kukiua. Funga kwa utepe wa nailoni kuanzia chini kwenda juu, kwa kukaza, halafu kivishe kikonyo kifuko chembamba cha plastiki, kile cha kugandishia barafu, na ukifunge chini ya kiungo.

Rudisha kivulini na usifungue kuchungulia. Wiki tatu hadi nne baadaye jicho huvimba. Majani yakianza kusukuma kifuko, kivue wakati wa jioni. Utepe ukae miezi miwili hadi mitatu, kisha ukatwe, maana ukisahauliwa hulikaba shina. Kila chipukizi linalotoka chini ya kiungo livunje, la sivyo litakula chakula cha kikonyo.

Kikonyo kikikauka na kusinyaa, ama kisu kilikuwa butu, ama ulichelewa kati ya kuchonga na kufunga, ama magome hayakukutana. Kikiwa cheusi na kinateleza, maji yaliingia. Shina halijapotea: kata chini kidogo ya kidonda, subiri lichipue, ubebeshe tena.

Kuupeleka ardhini

Maembe mengi ya pwani huiva kati ya Novemba na Februari, hivyo kokwa la msimu huo hubebeshwa mwishoni mwa mwaka unaofuata, na mche huingia shimoni na mvua za masika. Chimba sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, na uache wiki mbili utulie. Mwembe upewe mita 8 hadi 10 kutoka mti mwingine, mparachichi 6 hadi 8. Kiungo kibaki juu ya ardhi kabisa. Pale maji yanaposimama, mparachichi upandwe juu ya tuta au uachwe usipandwe kabisa. Matandazo yasiguse shina, kwa sababu ya mchwa.

Mwembe uliobebeshwa unaweza kutoa maua ukiwa bado mdogo kama mtoto wa chekechea. Yakate kwa miaka miwili ya mwanzo. Mti uliobebeshwa huanza kuzaa vizuri mwaka wa tatu au wa nne. Wa kokwa tupu, embe au parachichi, husubiriwa miaka mitano hadi minane, na pengine zaidi.

Makokwa mengine

Pichi linafaa nyanda za baridi kama Lushoto au Limuru. Pasua ganda taratibu, weka kiini kwenye mchanga wenye unyevu ndani ya friji miezi miwili hadi mitatu, maana bila ubaridi halioti. Pwani, hata ukilipitisha kwenye friji, litaota lakini halitazaa.

Shokishoki lipandwe siku lilipoliwa. Fenesi nalo lisikawie, tena lipandwe moja kwa moja mahali pake, kwa kuwa mzizi wake unachukia kuhamishwa.

Tende ni kinyume cha hayo yote: kokwa lake hukaa kavu muda mrefu na bado likaota. Liloweke siku mbili ukibadilisha maji, lifunge kwenye kitambaa chenye unyevu mahali pa joto, na mzizi ukitokeza lihamishie kwenye chombo chenye kina kirefu. Jani la kwanza hufanana na unyasi, usije ukaling'oa. Ila karibu nusu ya miche itakuwa midume isiyozaa, na hutaijua mpaka itoe maua baada ya miaka kadhaa. Ndiyo maana wakulima wa Oman hupanda machipukizi ya ubavuni mwa mtende mama anayejulikana, Khalas au Fardh, na madume huachiwa machache tu kwa ajili ya chavua.