Kupima sumu ya dawa ya mikorosho kwa vifaranga wa perege: jaribio la saa 96

Bomba la kupulizia likioshewa kijitoni, masalia ya dawa hufuata maji hadi kwenye bwawa la mfugaji aliye bondeni. Kujua kiasi gani kinaua perege kunahitaji jaribio la saa 96, linalotafuta LC50: kiwango kinachoua nusu ya samaki ndani ya siku nne. Utaratibu unaofuatwa hapa ni wa mwongozo namba 203 wa OECD (shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo), toleo la 2019.

Mfano wetu ni lambda-sihalothrini 5EC, dawa ya wadudu aina ya mbu wa mikorosho. Usianze na salfa ya unga inayotumika kwa ubwiri unga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Haiyeyuki majini: nyingine huelea, nyingine hutuama, na mwishowe hujui samaki amekutana na kiasi gani.

Hatua ya 1: Samaki na maji

Chukua vifaranga wa kundi moja, wenye gramu 1 hadi 1.5. Wape siku mbili za kutulia, kisha siku saba za kuwachunguza. Wakifa zaidi ya asilimia 10 katika siku hizo saba, achana na kundi zima. Wakifa kati ya asilimia 5 na 10, ongeza siku saba.

Maji ya bomba yapulizie hewa siku mbili ili klorini itoke. Ya kisima cha karibu na pwani, kama pande za Mikindani, pima chumvi kwanza. Maji ya mvua yanayokingwa kwenye mapaa ya Newala au Tandahimba ni laini mno yakitumika peke yake. Kila lita itie miligramu 294 za kalsiamu kloraidi (ile yenye molekuli mbili za maji), 123 za magnesiamu salfeti (yenye molekuli saba), 65 za sodiamu baikaboneti na 6 za potasiamu kloraidi.

Hatua ya 2: Matangi

Matangi sita ya kioo, lita 20 kila moja, samaki saba kila tangi. Matano ya dawa, moja maji matupu. Usitumie ndoo za plastiki, hata mpya.

Hatua ya 3: Kuchanganya dawa

Hapa ndipo majaribio mengi huharibika, na mara nyingi kosa huonekana siku ya pili, samaki wakiwa wamekwisha kufa.

Soma lebo. 5EC ni gramu 50 za sumu yenyewe kwa lita, yaani miligramu 50 kwa kila mililita, 2.5EC ni nusu yake. Kisha punguza kwa awamu mbili:

Chupa A: mililita 1 ya dawa, ongeza maji yaliyochujwa hadi mililita 500. Inageuka nyeupe kama tui. Hapo una miligramu 100 kwa lita.

Chupa B: mililita 10 za A, ongeza maji hadi lita 1. Sasa kila mililita ina maikrogramu 1.

Kutoka B, tangi la lita 20 linahitaji mililita 5, 10, 20, 40 na 80 ili kupata maikrogramu 0.25, 0.5, 1, 2 na 4 kwa lita. Kiwango kisizidi mara 2.2 ya kile cha chini yake. Kabla ya hapo fanya jaribio dogo la 0.1, 1 na 10 ili ujue uko wapi, kwani namba hizi tano ni za kuanzia tu.

Mambo ya kuangalia. Tui la A likiachwa hutengana, kwa hiyo geuza chupa mara kumi kila unapochota. Dawa ya chupani ni nzito na hubaki kwenye kuta za pipeti. Tumia pipeti ya kioo, isuuze ndani ya chupa A mara tatu. Kifuniko cha dawa si kipimo. Jaza tangi lita 19, tia dawa, koroga kwa fimbo ya kioo, ndipo ufikishe alama ya 20. Samaki huingia mwisho. Samaki wa matangi yote matano wakifa ndani ya dakika chache, rudia hesabu kabla ya kuwalaumu: huenda umechanganya maikrogramu na miligramu, na hiyo ni tofauti ya mara 1000.

Kosa lisiloonekana ni hili: pairethroidi, jamii ya sumu ambayo lambda-sihalothrini imo, hung'ang'ania kila kitu. Hushika kioo, mpira wa hewa, kinyesi na mabaki ya chakula. Unadhani samaki yuko kwenye maikrogramu 1, kumbe imebaki 0.4. Kwa hiyo acha kulisha saa 24 kabla. Loweka matangi kwa mchanganyiko uleule siku nzima, mwaga, ndipo ujaze upya. Badilisha maji ya matangi yote kila saa 24. Na hewa ipulizwe polepole. Peleka sampuli maabara kwa chupa za kioo, za maji mapya na za maji ya saa 24. Kipimo kikitofautiana na ulichokusudia kwa zaidi ya asilimia 20, tumia kilichopimwa.

Hatua ya 4: Kuangalia

Angalia mara mbili siku ya kwanza, kisha asubuhi na jioni. Aliyekufa ni yule ambaye mashavu hayachezi na ukimgusa mkia hajongei. Mtoe mara moja. Andika pia kuogelea kwa mshtuko, kuzunguka, kulala ubavu. Joto lisipande wala kushuka. Oksijeni isipungue asilimia 60, ambayo kwa nyuzi 26 ni karibu miligramu 4.9 kwa lita. Kwenye tangi la maji matupu akifa mmoja, endelea. Wakifa wawili, jaribio halifai, hata kama matangi mengine yamenyooka vizuri.

Hatua ya 5: Hesabu

Programu za probiti (hesabu ya kitakwimu inayokadiria LC50) zinataka matangi ambayo baadhi ya samaki wamekufa na wengine wamebaki hai. Ukikosa, yaani kwenye maikrogramu 0.5 hakufa hata mmoja na kwenye 1 wamekufa wote, zidisha namba hizo mbili na utafute kipeuo cha pili: 0.71. Ripoti iseme umepima dawa ya dukani, si sumu safi, kwani viyeyushi vyake navyo vinaweza kuchangia.

Waliobaki hai hawaliwi wala hawarudishwi mtoni. Wamalizie kwenye maji yenye mafuta ya karafuu ya kutosha, na maji ya matangi yapitishe kwenye mkaa amilifu kabla ya kumwaga.