Kuitunza Vitz ya cc 990 Idumu Kwenye Foleni

Toyota Vitz inayozungumziwa hapa ni ya kizazi cha pili, KSP90, iliyotoka kuanzia 2005 hadi 2010. Injini yake ni 1KR-FE yenye silinda tatu na cc 996, ingawa kwenye matangazo ya magari utaikuta imeandikwa 990. Injini hiyohiyo imo kwenye Passo nyingi na kwenye Vitz ya KSP130 iliyofuata, kwa hiyo mwenye hizo naye asome.

Kigari hiki si kibovu. Kinachokiua ni kutunzwa kama gari kubwa. Oili inayoingia ni kama lita tatu tu. Land Cruiser yenye injini ya 1HZ hubeba lita tisa na ushei, ikipoteza lita moja inaendelea na safari, lakini Vitz ikipoteza lita moja theluthi nzima imekwenda. Maji ya rejeta nayo ni kama lita nne. Injini ndogo haina akiba, na makosa ambayo gari kubwa linayavumilia mwaka mzima, hii inayalipia ndani ya wiki.

Joto: hapa ndipo nyingi zinapofia

Tazama dashibodi. Haina mshale wa joto. Kuna alama moja ya kipimajoto inayowaka kwa rangi mbili: bluu asubuhi injini ikiwa bado ya baridi, na nyekundu ikishachemsha. Katikati ya bluu na nyekundu hakuna kitakachokuambia kwamba hali inaharibika. Kwa hiyo taa nyekundu usiichukulie kama onyo la kwanza. Ni la mwisho. Kuna baya zaidi: maji yakiisha kabisa, sensa inabaki hewani, haigusi maji tena, na nyekundu inaweza isiwake hata kidogo huku injini inaungua.

Dawa yake ni kuangalia maji kila wiki, asubuhi, kabla ya kuwasha. Kwanza chupa ya akiba, iwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha fungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa baridi kabisa; maji yawe yamejaa hadi shingoni. Chupa inaweza kuwa imejaa na rejeta ni tupu, maana mfuniko ukichoka mpira hauvuti tena maji kutoka kwenye chupa. Mfuniko ni kitu cha bei ndogo. Badilisha.

Hiyo taa ya bluu nayo ina siri yake. Kwa joto la Dar es Salaam inatakiwa kuzimika baada ya dakika chache za kuendesha. Ikikaa muda mrefu, au ikizimika kisha inarudi ukiwa barabarani, mara nyingi maana yake fundi ameshaitoa thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto. Wanaonunua gari la mtu wakumbuke kipimo hiki. Thamostati hutolewa gari likichemsha, na kweli joto hushuka, lakini chanzo kinabaki palepale: feni, rejeta iliyoziba, mfuniko au wota pampu. Injini isiyofikia joto lake hunyunyiza petroli nyingi kuliko inavyohitaji. Gari linaanza kula mafuta, na petroli isiyoungua inashuka kwenye oili na kuifanya iwe nyepesi. Rudisha thamostati inayofunguka kwenye nyuzi 82 hivi, kisha utafute ugonjwa wenyewe.

Anza na feni, kwa sababu kwenye foleni hakuna upepo mwingine unaopoza rejeta. Washa injini, washa AC kwenye baridi ya mwisho. Feni izunguke ndani ya sekunde chache. Isipozunguka, angalia fyuzi, kisha rilei, kisha peleka umeme wa betri moja kwa moja kwenye mota yake. Ikikaa kimya, mota imekufa. Feni ikiwa ilizunguka kwa AC tangu mwanzo, zima AC na uliache gari linaunguruma pale lilipo mpaka feni iwake yenyewe. Inayowaka kwa AC lakini haiwaki yenyewe kwa joto ina tatizo la sensa au waya, na dereva anayependa AC anaweza kukaa miezi bila kujua.

Wota pampu ni udhaifu unaojulikana wa 1KR. Haianzi kwa kumwaga maji. Inaanza kwa kutoa jasho. Mulika tochi upande wa mkanda, chini ya puli ya pampu: ukiona ukoko mkavu wa rangi ya waridi au mweupe, kulanti (maji ya kupozea injini) imekuwa ikivuja na kukaukia hapo. Usingoje matone sakafuni. Ukibadilisha pampu, badilisha na mkanda wake.

Kuhusu kulanti: maji ya kisima ya Dar mengi yana chumvi, na injini hii ni ya alumini. Chumvi na alumini haziwezi kukaa pamoja. Nunua kulanti iliyokwisha kuchanganywa, au ile nzito uichanganye nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa, yale ya kuongezea betri yasiyo na tindikali. Kuibadilisha ni hivi: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, legeza kizibo cha chini ya rejeta, umwage kwenye beseni. Ikiwa inatoka ya kahawia kama chai ya rangi, jaza maji safi, washa dakika kumi, acha ipoe, mwaga tena hadi yatoke meupe. Funga kizibo, mimina kulanti taratibu ili hewa ipate njia. Washa injini mfuniko ukiwa wazi, hita ikiwa kwenye joto la mwisho. Utaona mapovu yanapanda, kiwango kinashuka, ongeza. Bomba la juu la rejeta likishakuwa la moto, thamostati imefunguka. Mapovu yakiisha, jaza, funga, na kesho yake asubuhi angalia tena, kwa sababu hewa iliyobaki itakuwa imetoka usiku.

Nyekundu ikiwaka barabarani: zima AC, fungua hita hadi mwisho (utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili), kaa pembeni, zima injini. Usifungue mfuniko kabla ya nusu saa, na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto. Silinda hedi ya alumini hupinda kwa namna hiyo, gasketi huungua, na baada ya hapo oili hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Oili

Weka 5W-30 na ubadilishe pamoja na filta kila kilomita 5,000. Mita inadanganya kidogo hapa. Saa moja na nusu ya foleni ya Ubungo ni kilomita chache kwenye dashibodi, lakini injini imefanya kazi saa nzima na nusu bila upepo. Asiyefikisha kilomita 5,000 abadilishe kila miezi sita.

Mafundi wengi watakushauri 20W-50 au SAE 40 kwa hoja kwamba gari ni la zamani au linatoa moshi. Kataa. Mfumo wa VVT-i, unaobadili muda wa vali kufunguka, unasukumwa na oili kupitia vijia vyembamba, na kikaza cheni ya taimingi nacho kinasukumwa na oili hiyohiyo. Oili nzito inachelewa kufika asubuhi. Ndiyo maana unasikia cheni ikikereza *krrr* sekunde mbili tatu baada ya kuwasha. Na injini hii ni ya cheni, si ya mkanda wa taimingi. Ukiambiwa ulipie mkanda wa taimingi, badilisha fundi.

Kupima: gari kwenye tambarare, injini imezimwa dakika tano, chomoa dipstiki, ifute kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, irudishe hadi mwisho, ichomoe tena na uisome. Ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza robo lita, subiri, pima upya. Usiijaze kupita alama ya juu. Fanya hivi kila Jumamosi, kwa sababu 1KR iliyotembea sana huanza kula oili bila kuvuja tone. Taa nyekundu ya oili haipimi wingi, inapima msukumo. Ikiwaka, mara nyingi oili imeshaondoka kiasi kwamba pampu inavuta hewa. Zima palepale. Hata mita mia moja za kusogea hadi kwa fundi zinatosha kukwaruza beringi.

Ukihisi inakula, jaza hadi alama ya juu, andika kilomita, pima baada ya 1,000. Kabla ya kukubali kufunguliwa injini kwa ajili ya ringi za pistoni, badilisha vali ya PCV. Ikiziba, mvuke wa oili hukosa njia yake, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache.

Inatetemeka: ni nini?

Silinda tatu hutetemeka kidogo kwa asili. Ikizidi, itenganishe hivi. Ikitulia kwenye N lakini inatikisa usukani kwenye D ukiwa umekanyaga breki, ni mauntingi za injini zimechoka. Ikishuka mzunguko na kutaka kuzimika kila AC inapowaka, throtoli ina uchafu. Isafishwe kwa dawa yake na kitambaa. Ikitikisika kote kote, imekosa nguvu na taa ya injini imewaka, silinda moja haichomi, na hapo theluthi ya nguvu imekwenda.

Kila silinda ina koili yake, imeshikwa na bolti ya spana namba 10. Silinda ya kwanza ni ya upande wa mkanda. Tuseme mashine ya kusomea makosa imesoma P0301, yaani silinda ya kwanza haichomi. Injini ikiwa imezimwa, hamishia koili ya kwanza kwenye ya pili, ya pili ije kwenye ya kwanza, futa kosa, endesha. Likisoma P0302, koili ndiyo mbovu, nunua moja. Likibaki P0301, rudia vivyo hivyo kwa plagi. Dakika ishirini za kazi hii zinakuepusha kununua koili tatu bila sababu. Taa ya injini ikiwa inapepesa badala ya kutulia, usiendelee kuendesha, petroli mbichi inaunguza masega ya kusafishia moshi ndani ya ekzosi.

Giaboksi

Nyingi za cc 990 zina CVT. Ndani hakuna gia za kawaida, kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unaoshika kwa msuguano wa majimaji yake maalumu. Ukiweka ATF, mafuta ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mkanda unateleza na kuchora mistari kwenye puli, na hakuna cha kuirekebisha zaidi ya kununua giaboksi nyingine. Weka CVTF (majimaji ya CVT) ya aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye dipstiki ya giaboksi. Mwaga, pima kilichotoka kwenye chupa yenye vipimo, rudisha kiasi hichohicho. Kila kilomita 40,000 inatosha. Usihamishe kutoka R kwenda D gari likiwa bado linarudi nyuma.

Chini ya gari

Kutoka barabarani hadi tumboni ni kama sentimita 14, na sampu, beseni la oili chini ya injini, iko karibu hapo. Matuta yapandwe kwa mshazari, gurudumu moja moja, hasa mkiwa watano. Tairi ni 165/70R14. Upepo fuata kibandiko cha kwenye fremu ya mlango wa dereva; kikisema 230 kPa, hiyo ni psi 33 hivi, si 45 ambazo vijana wa pancha hupenda kujaza. Tarehe ya tairi ni tarakimu nne ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya 2019. Kelele ya *kok kok* kwenye mashimo madogo mara nyingi ni linki za stabilaiza. Zibadilishe mbili kwa pamoja, kabla hujauziwa shokapu nne.

Mvua

Mdomo wa kuvutia hewa uko mbele, chini kuliko wengi wanavyodhani. Maji yakifika katikati ya gurudumu, geuza, hata kama daladala limepita. Masika barabara ya Jangwani, Dar, imekuwa ikifungwa kwa sababu hiyohiyo. Ikizimika ndani ya maji, usipige stata, hata mara moja. Maji hayabanwi kama hewa. Pistoni ikiyasukuma, konrodi, mkono unaoishika pistoni, ndiyo inayopinda. Isukumeni hadi pakavu, toa waya hasi wa betri, fungua boksi la filta ya hewa. Filta ikiwa imelowa, toa plagi zote tatu, zungusha injini kwa spana kwenye puli ya krenki hadi maji yatoke kwenye matundu ya plagi, kisha chomoa dipstiki uangalie rangi. Ikiwa ya maziwa, oili na filta vitoke kabla ya kuwasha.